Siri ya Pindo Zito

Mama Pindo hakuwa na ugomvi na ndege. Alitaka tu ziwe juu na yeye awe chini. Kama si mdogo wake kuamua kuolewa akiwa na miaka sitini na moja, angemaliza umri wake bila kuzisogelea.

Jina hilo alipewa na wateja. Mafundi cherehani walikuwa tele mtaani kwao, lakini gauni la harusi lililotoka mikononi mwake lilijulikana kwa mbali. Pindo lilianguka wima, likatulia, halikupeperuka wala kunasa miguuni. Bibi harusi akimwuliza mbona nguo ina uzito, hujibu kwamba kitambaa kizuri ndivyo kilivyo, kisha huuliza habari za mama yake. Siri ile aliipata kwa fundi aliyemfundisha kazi, na fundi huyo alimwapisha asimwambie mtu yeyote ila mtoto wake. Sasa Mama Pindo alijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, dereva wa lori, ambaye kutunga uzi kwenye sindano kulimtoa jasho kuliko kubadilisha tairi. Basi siri ikabaki pale pale, na miaka ilivyokwenda hata yeye mwenyewe akaacha kuiona kama siri. Kwake ilikuwa ni pindo tu.

Gauni la mdogo wake alilikata miaka thelathini na minane iliyopita. Wiki moja kabla ya harusi, bwana harusi akabadili mawazo na kutoweka bila hata kuaga. Mdogo mtu, wakati huo muuguzi mgeni kazini, hakulia mbele ya watu. Alimwambia dada yake, "Hiyo nguo usiitupe. Ila usinioneshe." Gauni likakunjwa likiwa halina pindo, likalazwa chini kabisa ya sanduku, na dada hao wawili hawakulitaja tena. Mpaka mwezi uliopita, simu ilipolia.

"Dada, ile nguo bado ipo?"

"Ipo."

"Basi imalizie. Nimepata mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini bila kuambiana la maana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Mama Pindo alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha akalitoa gauni, akaongeza kiuno inchi nne, akarekebisha mabega, na jioni mbili nzima akajifungia chumbani na pindo. Harusi ilipangwa saa nne asubuhi, katika mji wa mbali ambao ndege ya kwenda huko ilikuwa moja tu kwa siku. Mdogo mtu alisema kwenye simu, akicheka, kwamba nguo isipofika atavaa sare zake za wodini. Mama Pindo hakucheka. Alimjua nduguye: jambo analolicheka ndilo linalomnyima usingizi.

"Itafika," alimwambia. "Na safari hii itafika na pindo lake."

Mkwewe, mke wa yule mwanawe dereva, alikuwa mkaguzi pale uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kutazama mizigo ya watu ikipita kwenye mashine ya eksirei. Huu ulikuwa mwaka wa nne wanaishi nyumba moja, kwa heshima na kwa tahadhari, kila mtu akiangalia asimkanyage mwenzake. Mama Pindo alimwita "mkwe", awepo asiwepo. Hakuwa na kinyongo naye hata kidogo. Ni vile tu neno jingine lilikuwa bado halijamjia mdomoni.

Jumapili kabla ya safari, baada ya chakula cha mchana, mkwe alisogeza viti ukutani na kuleta beseni la kufulia.

"Mama, tufanye mazoezi. Sitaki ukapandwe na presha kule mbele za watu."

"Mazoezi ya kupanda ndege?"

"Ya kukaguliwa. Kupanda ni rahisi, unakaa tu."

Beseni likawa trei. Meza ya kulia ikawa mashine, na mlango wa jikoni ukawa ule mlango unaolia ukipita na chuma. Mkwe akasimama kando, kanyooka, sauti kaibadilisha. Saa, funguo, simu, mkanda, vyote ndani ya trei. Kitambulisho na tiketi mfuko mmoja, usianze kupekuapekua. Viatu vya kuvua bila kuinama. Kisha pita polepole, mikono imelegea.

Mama Pindo akapita.

"Piiii!" mkwe akalia kwa mdomo.

"We! Unataka kuniua?"

"Kola, mama."

Kwenye kola mlikuwa na pini nane. Mama Pindo alizichomoa moja moja, akajitetea kwamba hizo hakuzichomeka, hizo zinaishi humo. Akapita tena, akaliliwa tena: kastabini ya kukingia kidole, imo mfukoni. Mara ya tatu ilikuwa ufunguo wa droo ya cherehani uliofungwa kwa kamba shingoni. Mara ya nne ilikuwa futi ya kupimia, yenye vibati vya chuma kwenye ncha. Mara ya tano mlango ulinyamaza, na mkwe akampigia makofi. Mama Pindo akajikuta anatabasamu kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Kasheshe ilikuja kwenye mafuta ya nywele.

"Chupa hii imezidi mililita mia. Haipiti."

"Mbona yamebaki nusu?"

"Wanatazama chupa, mama. Hawatazami kilichobaki."

Na kwenye mkasi ndiyo ikawa balaa. Mkwe alisema mkasi mkubwa vile hauingii na mtu ndani ya ndege, labda uende kwenye begi la kupakiwa chini. Mama Pindo akasema mkasi huo una miaka mingi kuliko mkwe mwenyewe. Mkwe akasema hata ungekuwa na mvi. Kisha, kwa kutaka kumpoza, akaongeza kwamba sindano ndogo haina neno, achukue moja na uzi kidogo, dharura haipigi hodi.

"Hapana," Mama Pindo alisema, kanuna. "Mkasi ukibaki, sindano nazo zinabaki. Haziendi popote bila mkubwa wao."

Mkwe hakubishana. Akalishika gauni, lililokwisha kunjwa ndani ya mfuko wake. "Hili usilipakie chini. Kitu ambacho hutaki kipotee kinakaa mkononi. Kuna chuma humu? Zipu?"

"Vifungo vya kitambaa. Na kulabu nne mgongoni."

"Kulabu si kitu. Basi?"

"Basi," alijibu Mama Pindo, na alijibu kwa moyo mweupe kabisa.

"La mwisho, mama. Siku hiyo niko zamu. Sisi hatukagui ndugu zetu. Ukija kwenye foleni yangu nitasogea, mwenzangu ashike. Nitakuwa kama sikujui. Usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi? Kazi ni kazi."

Ukiwa umekaa kwenye kochi, miguu umeinyoosha, maneno kama hayo hutoka bila shida.

Siku ya safari, harusi ikiwa kesho yake, alifika uwanjani mapema kama alivyoagizwa. Foleni ya kaunta ilimla muda, lakini hakuhangaika. Alipofika kwenye ukaguzi alimwona mkwewe kwenye foleni ya pili, ndani ya sare ya bluu iliyopigwa pasi ikakubali. Mkwe alimwona pia, akasogea hatua mbili kando, akaweka mikono nyuma. Mama Pindo akajitia hamnazo, kama walivyokubaliana. Saa, simu na funguo kwenye trei. Viatu vikavuliwa bila kuinama. Akapita mlangoni polepole, mikono imelegea, na mlango haukusema kitu. Nyuma yake mzee mzima na suti yake alilizwa mara mbili kwa sababu ya mkanda. Mama Pindo alimwonea huruma, huruma ya mtu aliyefaulu.

Ndipo mkanda wa mashine uliposimama. Mfuko wa gauni ukarudi nyuma, ukapita tena, ukasimama tena. Dada aliyekuwa kwenye skrini alimwita msimamizi wake, mwanamume mrefu mwenye miwani, na wote wawili wakainama. Msimamizi akamwita Mama Pindo aje aone.

Pale kwenye skrini gauni lilikuwa kama moshi tu, halionekani vizuri. Lakini chini yake vilijipanga viduara kumi na vinane vya bluu iliyokolea, kila kimoja na tundu katikati, kwa nafasi sawasawa kama vilivyopimwa kwa futi. Na kweli vilipimwa kwa futi.

"Mama, ndani ya hii nguo mna nini?"

"Mna pindo."

"Na ndani ya pindo?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuviita vyuma. Angeulizwa mara mia kama gauni lina chuma, angejibu mara mia kwamba halina. Angeanza vipi, mbele ya foleni nzima, kutamka jambo ambalo hakumtamkia hata mumewe mpaka akafa?

"Mkwe!" aliita. "Waambie basi!"

Mkwe hakugeuka. Alikuwa ametazama sakafu, mikono bado nyuma, na mwenzake akaendelea kupitisha trei za watu. Hilo lilimchoma Mama Pindo kuliko skrini. Alijua walikubaliana, na bado lilimchoma. Miaka minne wanakula meza moja, leo anatazama vigae!

"Mama," msimamizi alisema kwa upole, "chuma si kosa. Ila lazima nijue ni chuma gani. Nikione, au nguo ibaki."

"Si niirudishe kaunta, ipakiwe chini?"

"Kaunta imeshafungwa."

Msimamizi akatoa kiwembe kidogo cha kufungulia maboksi. Mama Pindo akaweka mikono yote miwili juu ya gauni.

"Hicho hakigusi hapa."

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Alimfikiria mdogo wake akiwa na sare za wodini, anacheka mbele ya wageni kicheko kile anachokijua yeye peke yake. Akapiga moyo konde.

"Nipe meza," alisema. "Na utazame wewe peke yako, mwenye miwani. Hao wengine wageuke."

Msimamizi akampeleka kwenye meza ya pembeni. Mama Pindo akaipa foleni mgongo, akalitafuta fundo dogo kwenye mshono wa nyuma, akalikata kwa meno na kuvuta. Ulikuwa mshono wa mnyororo, ambao ukijua pa kuanzia hufumuka wote. Krrr! Kazi ya jioni mbili ikaondoka kwa pumzi moja, na uzi ukabaki umejisokota mkononi mwake. Akatoa kifuko kimoja cha kitambaa, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, akakifungua.

"Ni washa," alisema, sauti chini. "Hizi za fundi bomba. Nazipaka rangi ya kucha zisishike kutu, nazishonea humo. Ndizo zinazovuta nguo chini."

Msimamizi aliipima washa kiganjani. Akaipangusa kwa kikaratasi, akakitia kikaratasi kwenye kijimashine cha kunusa baruti, wakasubiri. Akafanya hivyo na nyingine mbili, akaminya vifuko vilivyobaki kimoja kimoja. Kijimashine kikatoa alama ya kijani.

"Nenda salama, mama."

"Utawasimulia watu?"

"Kazi yangu ni kuona vitu vya watu na kunyamaza."

Katika ukumbi wa kusubiria Mama Pindo alipata kiti karibu na dirisha. Gauni alilipakata mapajani, pindo likining'inia, na washa kumi na nane zikawa ndani ya kikopo cha krimu ambacho kilipita kwa sababu kilikuwa kidogo. Hakuwa na sindano. Angeweza kumlaumu nani? Sindano alizinunia mwenyewe. Alijua huko aendako nyumba haikosi sindano, lakini mdogo wake angekuja kumpokea, na neno la kwanza lingekuwa, lete nione. Angeliona gauni lile lile, lilivyokunjwa miaka thelathini na minane nyuma, bila pindo. Angecheka tena. Mama Pindo akafuta macho kwa ncha ya mtandio, bila kujificha.

"Mama."

Mkwe alikuwa amesimama mbele yake, kaishika kofia ya sare mkono mmoja, na mkono wa pili kabeba kikopo cha bati.

"Nina mapumziko ya dakika ishirini. Hiki ni kikopo chetu cha vifungo, vifungo vya sare vinakatika kila siku. Zimo sindano mbili. Uzi ni wa bluu tu."

Mama Pindo alikipokea, akakiweka juu ya gauni.

"Ningesema neno pale, mama, wangesema nakutetea. Wangeanza upya, wewe na begi na viatu. Ndege ingekuacha. Nilikusikia ukiniita. Nilikusikia vizuri."

"Kaa," alisema Mama Pindo.

Mkwe akakaa. Akatunga uzi wa bluu kwenye sindano kwa jaribio moja, akamkabidhi, kisha akageuza uso kuelekea kwenye ndege zilizoegeshwa.

"Mbona unaangalia kule?"

"Nitakutungia uzi tu. Sitatazama."

"Ulijua kuna kitu?"

"Mama, mwaka wa nne huu. Ukifika kwenye pindo unafunga mlango. Hata redio unazima."

Mama Pindo aliishika sindano bila kuichoma popote. Hakuwahi kumsikia akigonga mlango ule, hata siku moja. Miaka minne msichana wa watu amepita nje ya chumba kile kwa ncha za vidole, na yeye ndani akajiona ndiye mwenye kumstahi mwenzake. Aliona aibu. Akakumbuka kiapo, neno kwa neno, na fundi wake wa zamani akimtolea macho. Mtu yeyote ila mtoto wako.

"Geuka," alisema. "Chukua sindano ya pili, anzia upande ule. Washa inaingia kwenye kifuko, kifuko kinalala ndani ya mkunjo. Sasa tazama mkono wangu. Usichome kitambaa chote. Dokoa uzi mmoja tu wa kitambaa, mmoja, ndio maana rangi haitaonekana nje. Hapo. Hapana, hapo umedokoa ng'ombe mzima. Rudia."

Mkwe akarudia. Mishono yake ilikuwa mikubwa na imekwenda upande, lakini ilishika. Walishona magoti yakigusana, mmoja akitokea kushoto na mwingine kulia, hawasemi zaidi ya "vuta" na "punguza". Mama Pindo alikuwa ametia kumi na moja na mkwe sita spika ilipoita abiria wapange mstari. Wakafunga mafundo haraka. Washa moja ikabaki ndani ya kikopo.

Mama Pindo akaitoa, akaiweka kiganjani mwa mkwewe na kumfumba vidole.

"Kaa nayo. Nikirudi tunaanzia hapo."

"Mlango utanililia nikirudi kazini."

"Si unaweka kwenye trei? Nani alinifundisha?"

Mkwe akacheka huku machozi yanamtoka, akavaa kofia upande na kukimbia kuwahi zamu yake. Mama Pindo akalikunja gauni, akasimama kwenye mstari. Aliogopa ndege ilipoinuka, alifumba macho, akafumbua zilipobaki kama dakika kumi kutua. Hilo la kuruka angani hana la kusimulia.

Mdogo wake alikuwa anamsubiri nje, anatembea huku na huku kama anaitwa wodini. Hata kabla ya kusalimiana vizuri alisema, "Lete nione." Walipofika nyumbani akalivaa palepale sebuleni, juu ya soksi zake. Pindo likaanguka wima, likatulia. Akageuka mara moja, likamfuata taratibu na kutulia tena. Safari hii hakucheka. Aliweka kiganja mdomoni, na mabega yakamtikisika, na dada yake akamwacha alie mpaka atosheke.

Baadaye akaketi, akaliinua pindo na kuligeuza ndani, kwa sababu miaka karibu arobaini ya kushona vidonda ilikuwa imemfundisha kukagua mshono wa kila mtu. Alipitisha kidole juu ya uzi wa bluu. Nusu ya kwanza na zaidi ilikuwa mishono midogo, haionekani ila kwa kutafutwa. Kisha ikaja mishono mikubwa, ya upandeupande, iliyokazwa kwa nguvu zote.

"Dada, hapa siyo wewe. Nani kashona hapa?"

"Mwanangu," alisema Mama Pindo.

"Yule? Asiyeweza kutunga uzi?"

"Siyo yule," alisema, akavua miwani ili aifute. "Yule mwingine. Wa kike."